Flashi Iliyogomewa Majimbo

Kona ya Majimbo, mjini Embu, kuna benchi mbele ya kibanda cha Mutugi, ambaye watu walimwita Daktari kwa kuwa alitibu kompyuta. Wagonjwa wengine walipona. Asubuhi hiyo alikuwa amepakata laptop ya mteja wake Ruguru, iliyogoma kufungua Windows. Alishamwahidi kuiwekea Windows mpya kabla ya saa sita, lakini kila akichomeka flashi, mashine ilijifanya haijaiona. Wenye benchi walikuwa na thermos ya kahawa, na maoni.

— Flashi ni nzima kweli? aliuliza Kithinji, aliyeitwa Waifai kwa kunasa kila habari ya mtaa.

— Jana imefanya kwa kompyuta ya Njiru, Daktari alijibu.

— Ya Njiru ni mzee. Hii ni ya kisasa, haiwezi salimia flashi ya mtumba.

— Mchagua jembe si mkulima! alikemea Mwalimu Nthiga, mstaafu wa jiografia. Hiyo flashi imewahi kaa wapi?

— Kibirichia, kule Meru, wiki nzima iliyopita.

— Si ndio hiyo! Imeshikwa na baridi ya viazi. Ipashe moto.

Waifai akaiweka juu ya kikombe cha kahawa. Daktari akamnyang'anya.

— Manze, mtaniulia kitu!

— Basi ni lugha, Waifai alisema. Flashi inabisha hodi kwa Kimeru, laptop inasikia Kiembu pekee.

Daktari alimgeukia ghafla.

— Rudia hapo.

— Nilikuwa nacheka tu, buda.

Lakini Daktari alishaelewa. Flashi ilitengenezwa kwa mtindo wa kompyuta za zamani, na hii ilitaka mtindo mpya. Akaitengeneza upya kwa mashine yake, akaichomeka. Skrini ikawaka buluu. Benchi zima likapiga makofi.

— Inauliza kama ifute kila kitu.

— Futa! Mwalimu alisema. Mwosha huoshwa!

Daktari, moyo ukiwa mwepesi kama unyoya, akabonyeza.

Kahawa ilipokaribia kuisha, Ruguru akafika na kamera begani, maana kazi yake ni kupiga video za harusi. Aliona skrini inang'aa, akatabasamu.

— Asante sana, Daktari. Sasa ile harusi ya Jumamosi iliyokuwa humo umeiweka wapi?

Waifai akachungulia kikombe chake kitupu.

— Dada Ruguru, Mwalimu akauliza polepole, bibi harusi bado ana ile nguo?