Baba Yetu, Askari Aliyerudi Kutegua Alichotega

Baba yetu, ambaye wenzake jeshini walimwita Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mwashi na mshonaji. Baada ya shule ya msingi alisomea ufundi ujenzi, akahitimu mwaka 1978.

Mwaka uliofuata alijiunga na kikosi cha wahandisi wa medani. Kazi yao ilikuwa kuwatangulia wenzao: kutandika madaraja ya chuma, kufungua njia kati ya mabomu ya ardhini na, jeshi liliporudi nyuma, kuyatega wao wenyewe. Katika vita alivyopigana akiwa kijana, walitega shamba la mahindi kando ya mto. Adui alizuiwa. Kisha mafuriko yakayahamisha mabomu, ramani waliyochora ya mabomu ikawa haifai, na wenye shamba hawakulima tena.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na mama yetu, mkunga. Hata nyumbani hakuiacha kazi. Ufunguo ukipotea, aliigawa sebule kwa kamba, akalala kifudifudi na kukagua sakafu kipande kwa kipande. Mama alimwacha amalize, ndipo amwambie kwamba ufunguo uko mlangoni.

Alipostaafu mwaka 2012 aliingia timu ya kutegua mabomu, akaomba apangiwe shamba lile. Figo zilimwangusha mwaka 2021, ukanda wa mtoni ukiwa bado haujasafishwa; timu yake iliendelea bila yeye. Alichohofia ni kufa kabla ya kulikabidhi.

Desturi yao ni kwamba mkuu wa timu hulitembea eneo lililosafishwa mbele ya wenyewe, kuonyesha kuwa ni salama. Siku ya makabidhiano, tarehe 22 Agosti 2023, vijana wa timu yake waliomba watembee kwa niaba yake. Bibi mwenye shamba alikataa.

“Uliyetega ni wewe, baba. Nitaamini miguu yako.”

“Ni haki yako, mama,” alijibu.

Mama yetu akamshika mkono. “Twende, mzee. Siku zote nakusubiri nyumbani, leo sisubiri.”

Walikwenda hadi mtoni na kurudi, wakipumzika njiani. Bibi alivua viatu, akaingia shambani.

Baba alifariki hospitalini tarehe 3 Februari 2024. Siku iliyotangulia, bibi yule alimpigia simu kumwambia kwamba mahindi yamefika kiunoni. Baba aliuliza kama walipanda mpaka ukingoni.

“Mpaka ukingoni,” aliambiwa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na dada mmoja.

Apumzike sasa. Kazi yake imepokelewa.