Pua ya Kinyozi

MJOMBA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema upesi, nina mteja kwenye kiti.

MPWA: Shikamoo, Mjomba. Ni mpwa wako, yule uliyemlaza stoo.

MJOMBA: Marahaba. Bado tu hujasahau— [anakohoa] —hiyo stoo?

MPWA: Siku kumi na nne. Nilirudi kutoka shule ya bweni mzima wa afya, ukaninyunyizia dawa ya choo langoni, majirani wakitazama. Ukanihubiria kwamba kila mtu awajibike kwa kikohozi chake.

MJOMBA: Na nilisema kweli. Huu ugonjwa unaua.

MPWA: Na hicho unachokohoa?

MJOMBA: Vumbi la nywele.

MPWA: Mama anasema leo asubuhi umekunywa uji ulioungua, ukausifu.

MJOMBA: Nilikuwa na njaa.

MPWA: Barakoa iko wapi?

MJOMBA: Ninayo.

MPWA: Wapi?

MJOMBA: Kidevuni. Inanibana pumzi.

MPWA: Hongera. Kidevu hakitaugua. Nani yuko kwenye kiti?

MJOMBA: Babu yako. Nimeshamaliza upande mmo—

MPWA: Babu? Na pumu yake?

MJOMBA: Alikuwa baba yangu kabla hajawa babu yako.

MPWA: Ndiyo maana unamkoholea utosini?

MJOMBA: Chunga mdomo wako.

MPWA: Nachunga. Wewe chunga pua. Fungua chupa ya spiriti, uinuse.

MJOMBA: Mtoto huna kazi wewe.

MPWA: Nusa tu. Huu ugonjwa huanza kwa kuiba harufu. Ukiisikia, naja kukuomba radhi kwa magoti.

MJOMBA: [anafungua kizibo, ananusa, ananusa tena]

MPWA: Haloo? Mtandao unakwaruza au ni wewe?

MJOMBA: Hii ni ya zamani. Imekwisha nguvu.

MPWA: Mpe Babu anuse.

MJOMBA: Mzee, hebu nusa hii.

MPWA: Mjomba?

MJOMBA: Ametokwa machozi. Amesema niiondoe.

MPWA: Basi chupa ni nzima.

MJOMBA: Sikiliza, mwanangu. Nimalizie huu upande, dakika tano tu—

MPWA: Ukimgusa—

MJOMBA: Anasimama. Mzee, kaa. Mzee— [mlango unabamizwa] Ameondoka. Na shuka langu shingoni, nywele nusu kichwa.

MPWA: Kumbe alikuwa anasikia?

MJOMBA: Nilikuweka kwenye spika. Mikono ilikuwa kazini.

MPWA: Mmekaa pamoja muda gani?

MJOMBA: Si sana.

MPWA: Muda gani?

MJOMBA: Saa nzima. Tulikuwa tunapiga soga.

MPWA: Nampokea langoni. Kwa sabuni, si kwa dawa ya choo. Chumba cha mbele atakaa peke yake, Mama atakuwa anamsikiliza kifua.

MJOMBA: Na mimi?

MPWA: Funga duka. Godoro nililiacha stoo, kwenye ile pembe inayovuja. Sahani yako itakuwa mlangoni. Tutagonga mara mbili, usitoke mpaka tuondoke.

MJOMBA: Kwa siku ngapi?

MPWA: Si ulinihesabia mwenyewe? Mjomba, salio linakwisha. Pandisha hiyo barakoa.

MJOMBA: Nimebaki peke yangu humu.

MPWA: Ipandishe hivyo hivyo, uzoe—

[simu inakatika]