Meli Inayorefuka Kila Mgeni Anapokuja

Mgeni rasmi, Mkuu wa Jeshi la Majini, wakuu wa idara, mabaharia mliopanda kutoka gatini na grisi bado iko kwenye kucha:

Sisi watumishi kumi na wanane wa Ofisi ya Mipango ya Meli Zijazo tunakusalimu kwa heshima zote, na tunakushukuru kwa kuzipanda ngazi za ghorofa tatu kwa miguu.

Karibu

Viti mlivyokalia tumeviazima darasa la mabaharia, na saa nane vinatakiwa kurudi. Mfano wa meli ulioutazama kwenye kabati la kioo ulichongwa na seremala wetu kabla hajastaafu. Karani huufuta vumbi kila Jumatatu. Ndiyo meli pekee ambayo ofisi hii imefanikiwa kuikamilisha.

Wewe ni mgeni rasmi wa saba kusomewa risala katika chumba hiki. Ukiona makofi yetu hayana nguvu ya mara ya kwanza, usidhani hatukufurahi kukuona. Tumechoka tu, na uchovu wenyewe una historia.

Tulikotoka

Ofisi ilianzishwa miaka kumi na minne iliyopita kwa kazi moja: kupanga na kununua meli ya doria itakayorithi ile kongwe iliyoko gatini, ambayo mabaharia wote huiita Bibi. Mpango wa kwanza tuliumaliza kwa miezi kumi na mmoja. Mita hamsini na nane, injini mbili, mashua mbili za uokoaji, rada moja nzuri, vitanda thelathini na sita. Kurasa arobaini. Tuliuandika baada ya kuwasikiliza watu wanaolala melini.

Kisha tukamwalika mgeni rasmi.

Hapa hatuna budi kueleza desturi yetu. Mgeni anapojibu risala, karani huandika maneno yake katika daftari lenye jalada jekundu, na kesho yake asubuhi maneno hayo huwa maagizo. Hakuna waraka uliotuamuru kufanya hivyo. Tuliizua desturi hiyo sisi wenyewe, kwa heshima na, tukiri mbele yako, kwa woga.

Mgeni wa kwanza alisema meli iwe na hadhi ya taifa. Tukaongeza ukumbi wa mapokezi. Wa pili alitaja makombora, tukayatafutia nafasi. Wa tatu alitazama mfano wa seremala akasema, "Hivi hapa nyuma helikopta haiwezi kutua?" Tukaongeza uwanja wa helikopta, na meli ikarefuka mita ishirini na moja. Miaka miwili baadaye tulikutana naye msibani, tukamweleza kwa fahari jinsi agizo lake lilivyotekelezwa. Akashika kichwa. "Jamani! Mimi nilikuwa nauliza tu!"

Jeshi letu halina helikopta.

Alipoondoka mgeni wa sita, meli ilikuwa na mita tisini na saba. Gati letu lina mita themanini. Mwaka uliofuata wote tuliutumia kupanga gati jipya.

Tuliyoyafanya

Mtaka yote hukosa yote, na sisi tumeyakosa kwa utaratibu mzuri sana. Tumetoa matoleo manane ya mpango. Tumetangaza zabuni mara tatu na kuzifuta zote tatu, kwa kuwa kila bahasha zilipokuja kufunguliwa, meli iliyoelezwa ndani yake ilikuwa imekwisha kubadilika. Wenzetu wanne wamestaafu. Mmoja tumemzika. Mhandisi aliyejiunga nasi akitoka chuoni moja kwa moja sasa hasomi bila miwani.

Hatukuiba, hatukulala kazini. Tulitii kupita kiasi, na kosa hilo, mgeni rasmi, halina adhabu katika kanuni za utumishi.

Yanayotuelemea

Mchomeleaji wa gatini tunamwita Kiraka, kwa sababu kwa miaka tisa hajafanya kazi nyingine ila kuweka viraka tumboni mwa Bibi. Mabamba yaliyoanza na unene wa milimita nane yamebaki na tatu. Mwezi uliopita alikutana na msanifu wetu wa meli kwenye foleni ya chai.

"Dada, ile meli yenu ya karatasi bado inaelea?"

"Inaelea, kaka. Karatasi haishiki kutu."

"Heri yenu. Mimi huku nikigusisha moto tu, chuma kinatoboka kama karatasi iliyolowa chai. Nashona nguo kuukuu, dada, na atakayeivaa ni mwanangu."

Hakuwa anatia chumvi. Mhandisi wa pili wa Bibi ni binti yake. Kitanda chake kiko nyuma ya kiraka cha kumi na saba.

Msanifu alirudi ofisini na chai yake imepoa, akatoa kabatini mpango wa kwanza, ule wa kurasa arobaini, akauweka mezani. 

Ombi letu

Mpimaji wa vyuma ameipa Bibi cheti cha miaka mitatu, akaapa kwamba hatasaini kingine. Meli mpya huundwa kwa miaka miwili na nusu. Kiwanda cha kuunda meli kimetushikia nafasi hadi keshokutwa, Ijumaa. Ikitupita, nafasi nyingine ni baada ya miaka mitano. Nasi tunajua kwa uzoefu kwamba cheti kitakapokwisha, doria haitasimamishwa. Atatafutwa mpimaji mwingine.

Mbele yako kuna mpango ule wa kwanza. Tumebadilisha rada peke yake, maana ile ya zamani haitengenezwi tena, kwa hiyo kurasa sasa ni arobaini na moja. Wakuu wote waliopaswa kutia saini wametia. Imebaki yako.

Risala nyingi huomba mgeni aongeze. Yetu inakuomba usiongeze kitu: wala mita moja, wala swali, wala wazo zuri lililokujia ngazini. Hata sifa tunaomba iwe fupi, kwa kuwa tumewahi kuigeuza sifa kuwa agizo. Daftari jekundu tumelifungia kabatini. Karani amekaa mstari wa nyuma, mikono mitupu, na ufunguo amekabidhiwa Kiraka, yule pale mlangoni aliyevaa ovaroli.

Kalamu iko kulia kwako. Tumeijaribu asubuhi, inaandika.

Mwenyezi Mungu akulinde urudipo kwako, awalinde walioko majini usiku na mchana, na atujalie risala ijayo tuisome tukiwa tumesimama juu ya sitaha.

Ni sisi,
Watumishi wa Ofisi ya Mipango ya Meli Zijazo,
pamoja na Kiraka, mchomeleaji wa gatini, aliyeomba jina lake liwemo.