Papa Wenceslas Amuri, Fundi Aliyefunga Diski Zilezile Mara Nne

Padri wetu, wakubwa wa komini, majirani wa Kabondo na ninyi wote mlioacha kazi zenu asubuhi hii ya Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2002, familia imenituma mimi Fortunée, mtoto wake wa kwanza, niwasomee maisha ya baba yetu, na naomba mnivumilie, kwa sababu kuna mahali ambapo sisi wenyewe hatuelewi, naye alituagiza tusiparuke.

Papa Wenceslas Amuri alizaliwa tarehe 9 Februari 1948 kwenye maporomoko ya Wagenia, wakati mji wetu huu ukiitwa bado Stanleyville, mtoto wa nne wa mvuvi François Lobela na Mama Emilie, na ndugu zake wote walishika kazi ya mitego ya mtoni, yeye peke yake akiogopa maji. Alianza shule ya msingi mwaka wa 1955, akaimaliza mwaka wa 1961, akaingia shule ya ufundi, lakini mwaka wa 1964 vita vikafunga shule, na hakurudi tena darasani. Tarehe 3 Mei 1967 aliajiriwa katika karakana ya kampuni moja ya malori, akafanya kazi hapo miaka ishirini na minne, mpaka uporaji wa mwaka wa 1991 ulipoifunga, ndipo akafungua karakana yake mwenyewe nyuma ya nyumba yetu, hapa Kabondo. Tarehe 12 Agosti 1972 alifunga ndoa na Mama Philomène, wakapata watoto watano, wanne tuko hapa mbele yenu, na mdogo wetu Benoît alitangulia.

Watu walimjua kama fundi ambaye hakuachia gari bila kujua ugonjwa wake, hakubadilisha kifaa mpaka aeleze kwa nini kile cha kwanza kilikufa, na wateja wengine walichoka kumsubiri wakaenda kwingine, naye hakuwakasirikia.

Mwezi wa Mei 2000 shemeji yake Eddy, mdogo wa Mama Philomène, aliyeendesha teksi kati ya mji na uwanja wa ndege wa Bangboka, alimletea gari lake likiwa limekwisha diski za freni za mbele, zile sahani za chuma zinazobanwa ili gari lisimame. Mashua za Kinshasa zilikuwa hazipandi tena mto kwa sababu ya vita, kila kitu kilishuka kwa ndege kutoka mashariki, na diski zilizopatikana zilikuwa mbili tu, kwa Nzanzu, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la vipuri sokoni, bila jina wala namba juu ya boksi. Nzanzu hakumficha kitu, alimwambia, "Papa Amuri, iko bei ya chini, iko mupya, lakini nani aliitengeneza, mimi sijui," na baba akazigeuza mkononi, akazigonga kwa ufunguo asikilize mlio wake, akazichukua, kwa maana hazikuwako nyingine mji mzima.

Alizifunga tarehe 22 Mei, na siku ya pili Eddy akarudi, akisema kila akikanyaga freni gari linatetemeka mpaka usukani, halafu linavuta upande wa kulia. Baba akazifungua, akaipeleka ya kulia kushoto na ya kushoto kulia, akitegemea kwamba sasa gari litavuta kushoto, lakini likaendelea kuvuta kulia. Tarehe 30 akazifungua tena na kubadilisha plaketi, vile vibao vinavyobana diski, mtetemo ukapungua, kisha ukarudi. Jumamosi tarehe 3 Juni akalipandisha gari juu ya matofali, akakaa mbele ya gurudumu bila kula, na mwishowe akamwuliza Mama Philomène, ambaye hajawahi kushika usukani, yeye anafikiri ni nini, na kabla ya siku ile hatukuwahi kumsikia akimwuliza mtu yeyote jambo la gari.

Jumatatu tarehe 5 Juni mabomu yakaanza kuanguka mjini, majeshi mawili ya kigeni yaliyoingia kama marafiki yakipigana wao kwa wao katikati yetu, na hakuna jirani aliyeweza kutueleza wanagombania nini. Eddy alifika mbio, akapiga kelele, "Yaya, kaka yangu, funga tu! Funga vile iko, twende!" Baba alisimama na diski ya zamani mkono mmoja, nyembamba kama kifuniko cha sufuria, na mpya mkono wa pili, akiangalia hii, akiangalia ile, mpaka Mama akamshika bega, ndipo akafunga zile mpya, mara ya nne.

Tuliingia watu tisa, tukashika barabara ya Bangboka, na baada ya kona tukakuta kizuizi cha askari, magogo yakiwa yamelazwa barabarani. Eddy alikanyaga freni kwa nguvu zote, gari likavuta kulia, likaacha barabara na kuangukia mtaroni, mita kama arobaini kabla ya magogo, na baba, aliyekaa mbele, akavunjika nyonga. Tulikuwa bado tumelala mle tukiitana majina wakati bomu lilipoanguka juu ya kizuizi, pale hasa ambapo gari lenye freni nzuri lingekuwa limesimama.

Nzanzu alikuja hospitali mwezi wa Julai, kofia mkononi, kuomba msamaha, na baba akamjibu, "Nzanzu, ndugu yangu, kama ungeniuzia muzuri, tungesimama pale. Nikulaumu ao nikushukuru? Mimi sijui." Nzanzu akasema, "Mimi pia sijui, papa," wakala pamoja ndizi alizoleta.

Mwaka wa 2001, akitembea kwa magongo, baba alipima zile diski akazikuta sawasawa, hazina kosa, lakini kwenye moyeu wa kulia, kile chuma cha katikati ambacho diski inaegemea, aliona donge la kutu, dogo kama punje ya mchele lakini linalotosha kuipindisha diski, ambalo fundi anapaswa kulisugua kabla ya kufunga, naye hakukumbuka kama alilisugua. Eddy alimbishia kwamba kutu ile ilizaliwa mtaroni, gari lilikaa kwenye mvua miezi mitatu, na baba akakubali kwamba inawezekana, lakini akatuambia, "Siku mutasoma historia yangu, museme na hii." Leo tumeisema.

Tangu Agosti mwaka huu pumzi yake ilikuwa fupi, daktari mmoja akataja mapafu, mwingine damu, wa tatu nyonga, na Alhamisi tarehe 17 Oktoba, saa nne asubuhi, alituacha akiwa nyumbani, mkono wake ndani ya mkono wa Mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotafuta hata pale ambapo hawakupata, majirani waliokimbia barabara ileile wakambeba kutoka mtaroni juu ya mlango kama machela, mafundi wenzake, Nzanzu aliyetoa mbao za jeneza, na Eddy, ambaye baba hakumlaumu hata mara moja. Tunaomba pia muwakumbuke askari wa kile kizuizi, hatujui majina yao wala walikuwa wa jeshi lipi, baba aliwaombea kila jioni bila kujua awaite nani, na sisi watoto wake tutaendelea.

Papa Wenceslas, pumzika sasa katika utulivu wa Mungu.