Wilf Ormerod na Sikio la Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Kama birika liko motoni, liacheni lichemke polepole, maneno ya leo hayana haraka. Leo tunamkumbuka Wilf Ormerod, beki wa kushoto wa timu yetu ya Crawdale. Alifariki Jumanne asubuhi, kwenye kiti chake karibu na dirisha, peke yake.

Wilf alirudi kutoka vitani akiwa mwembamba, ila shingo ilikuwa kama kigogo. Mchana alifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba, jioni mazoezi. Mpira wa siku zile ulikuwa wa ngozi. Ukilowa, mzito kama gunia la viazi. Wilf aliupiga kichwa bila kufumba macho. Winga mmoja alimlalamikia mwamuzi, "Huyu si beki, huyu ni ukuta umevaa bukta!"

Golini alisimama Enoch Tattersall. Enoch alimwoa Edith, dada yake Wilf. Basi walikuwa mashemeji, na utani wao ulisikika mpaka jukwaani.

"Shemeji, unakimbia kama bata mzee! Umekula nini?"

"Mapishi ya mkeo. Kamuulize yeye!"

Na kweli, kila Jumapili Wilf alikula kwao.

Sasa hapa tegeni sikio, wapendwa. Uwanjani kwetu anayeutaka mpira hasemi "Yangu!" tu. Hata adui anaweza kusema yangu. Lazima utaje jina lako mwenyewe. "Ya Enoch!" Ukisikia jina la mwenzako, unaacha. Usiposikia jina, unapiga.

Ikaja mechi ya kombe, nyumbani, ukungu umeshuka mpaka magotini. Mpira mrefu ukaruka juu ya mabeki. Wilf akarudi mbio akielekea goli lake. Hakusikia jina. Akapiga kichwa. Mpira ukampita Enoch, ambaye alishatoka golini, ukaingia wavuni taratibu kama mgeni mwenye adabu. Crawdale ikatolewa.

Kwenye chumba cha kuvalia, kocha akauliza nani aliita.

"Niliita mimi," alisema Enoch. "Tena kwa jina."

Kocha akamgeukia Wilf. Wilf akatazama viatu vyake. "Sikusikia jina lolote."

Ilikuwa kweli, lakini nusu. Sikio lake la kushoto lilikufa vitani, kando ya mizinga, naye hakumwambia mtu. Beki kiziwi nani atampanga?

Mji ukamhukumu Enoch. Wakamwita Kipa Bubu. "Bubu, umemeza filimbi?" walimzomea mpaka dukani kwa mwoka mikate. Msimu haujaisha, golini akasimama mwingine. Wilf akabaki. Akafanywa nahodha. Siku moja walimbeba mabegani mtaa mzima, wakamshusha mlangoni kwake, wakaenda zao. Ndani jiko lilikuwa baridi.

Jumapili hakwenda tena kwa dada yake. Hakufukuzwa. Aliacha mwenyewe. Alinunua samaki na chipsi, akala amesimama, karatasi mkononi. Hakuoa.

Doreen, binti wa Enoch na Edith, ametuambia hivi: "Mama alikuwa akimwekea mjomba sahani. Miaka mingi aliiweka. Baba anaitazama, halafu anaendelea kula."

Edith akafa. Walisimama mashemeji wawili kaburini, huyu huku, huyu kule, mvua inawanyeshea. Wiki ile ile Wilf akagonga mlango wa Enoch. Doreen alikuwa jikoni, akasikia yote.

"Shemeji," alisema Wilf, hata kofia hajavua. "Uliita. Najua uliita kwa jina. Ni sikio langu hili. Limekufa tangu vitani."

"Najua."

"Unajua?"

"Mechi zote nilikuwa nakuzunguka nije kulia kwako unisikie. Unadhani nilipenda kuzunguka? Siku ile hapakuwa na nafasi. Nikatokea kushoto."

"Mbona hukumwambia kocha?"

"Angekutoa. Nikasema, Wilf atakuja kusema mwenyewe. Hata kwangu tu, mezani. Nikangoja."

"Sasa nimekuja."

"Mimi sikuhitaji kuambiwa, bwana. Edith ndiye alihitaji. Kaka yake anasema hivi, mumewe anasema vile. Amekufa hajui amwamini nani."

Enoch akamimina chai, wakanywa. Doreen anasema, "Baba alimsindikiza mpaka mlangoni. Alimshika mkono. Lakini hakumwambia karibu tena." Na Enoch naye hakukaa sana, akamfuata mkewe.

Wasikilizaji wapendwa, baada ya hapo Wilf alisema wazi, popote. Kwenye baa, kwenye kituo cha basi, kwa watu ambao hata hawakuzaliwa siku ya mechi ile. "Enoch aliita," aliwaambia. "Mimi ndiye sikusikia." Vijana walitikisa vichwa, wakaendelea na bia zao. Enoch gani?

Doreen ndiye aliyempelekea chakula Jumapili, na ndiye aliyemkuta Jumanne. Doreen mwanangu, pole sana. Umewazika watatu, na wote walikuwa wako. Mungu akutie nguvu.

Na wewe unayenisikiliza. Kama kuna mtu anabeba jina baya ambalo ni lako, na bado yuko hai, na anayesubiri kuusikia ukweli naye yuko hai, usikae hapa na mimi. Zima redio. Vaa koti uende. Sitaona vibaya.