Dirisha Linalotazama Bahari

Kijiwe chetu hapa Mkange ni benchi mbili na birika langu la kahawa, mbele ya karakana ya Mbaruku seremala, ambaye sisi tunamwita Randa. Mimi ndiye Maulidi, muuza kahawa. Kila alasiri Randa huja kukaa na wenzake wawili. Mmoja ni Mwinjuma, aliyewahi kuwa askari wa wanyamapori, na hadi leo kila mazungumzo huyapeleka kwa tembo, ndiyo maana tunamwita Ndovu. Wa pili ni mwalimu mstaafu Vedasto, mtu wa Bukoba aliyetufundishia watoto jiografia mpaka akaota mvi, tunamwita Ramani. Siku moja Randa alitoka karakana na kipande cha plaiwudi alichokichora kwa penseli. Kuna watu wa Dar wanaopenda kutembea kwa miguu kutoka Bagamoyo, wakifuata pwani kuelekea Saadani. Hao ndio waliomwomba awabunie kibanda cha mbao cha kulala, na wakikipenda, akijenge yeye. Maisha yake yote Randa ametengeneza vitanda na milango. Aliiweka ile plaiwudi juu ya benchi kama mtu anayelaza mtoto mchanga.

Randa: Haya, tazameni. Vyumba viwili, kila kimoja vitanda viwili vya dabodeka. Huku baraza. Na hili dirisha kubwa linatazama bahari. Mtu akifumbua macho tu, bahari hii hapa.

Ndovu: Kinakaa wapi?

Randa: Kule kwenye kilima cha mchanga, juu ya ufuko. Mama Evelyn, kiongozi wao, ndiye aliyepachagua.

Ndovu: Basi umewaua. Pale ni njia ya tembo! Tembo mgongo ukimuwasha anajikuna kwenye nguzo zako. Asubuhi unaokota watu na mbao kwa pamoja.

Randa: Sasa nifanyeje?

Ndovu: Kipandishe juu. Nguzo za mita sita.

Ramani: Mita sita? Kusi ikivuma itakibeba mpaka Pemba na watu ndani! Tena tatizo si tembo, bwana, ni bahari. Inakula ardhi kila mwaka. Mimi ningekiwekea magurudumu.

Randa: Magurudumu, mwalimu?

Ramani: Bahari ikisogea, na wewe unakisogeza.

Ndovu: Nani anasukuma?

Ramani: Haohao watembeaji. Si wanapenda mazoezi?

Ndovu: Acha zako. Bora kining'inizwe. Unachukua kamba za meli, unafunga kwenye minazi minne. Tembo anapita chini, maji yanapita chini, upepo ukija kinabembea, watu wanalala fofofo.

Ramani: Na mtu akibanwa na haja?

Ndovu: Asubiri upepo utulie.

Tulicheka mpaka nikamwaga kahawa. Randa hakucheka.

Randa: Jamani, mimi nauliza kwa dhati. Kazi kama hii sijawahi kupewa. Nikiharibu, sipewi tena.

Hapo wakaona haya. Ramani akavaa miwani, akainamia mchoro.

Ramani: Misumari weka ile isiyoshika kutu. Chumvi ya kule inakula chuma.

Ndovu: Na mbao zipake dawa. Mchwa wa hapa nao si mchezo.

Walikuwa wanazungumza hivyo, sasa kwa utaratibu, Bi Chausiku akatokea na kigoda kilichovunjika mguu. Wote tukanyamaza.

Nyumba ya Bi Chausiku ndiyo ya mwisho kwenye njia ya ufukoni. Miaka yote, mtembeaji akikutwa na giza au mvua, hodi yake ya kwanza ni pale. Anapewa mkeka, anapewa chai ya tangawizi. Hata huyo Mama Evelyn aliteguka mguu masika iliyopita, akauguzwa humo. Na hakuna kati yetu aliyemwambia bibi wa watu kwamba wageni wake wanajengewa kwingine. Lingine hatulitaji kabisa mbele yake: mwanawe Kulwa aliaga anakwenda Pangani kutafuta kazi, akashika njia ya pwani kwa miguu, na mpaka leo hajasikika.

— Shikamoo, mama, Randa akasema, akijaribu kuificha plaiwudi nyuma ya mgongo.

— Marahaba. Mbona mmepoa hivyo, kuna msiba? Hebu nione hicho.

Ikabidi aitoe na kumweleza yote. Bi Chausiku akaishika mbali na macho, akaitazama kwa muda.

— Kizuri, mashallah. Dirisha kubwa.

— Mama, si kwamba nyumba yako ni mbaya...

— Mwanangu, kuta zangu zimechoka, na mimi nimechoka. Watoto wa watu wanalala chini, mbu wanawamaliza. Wajengee. Ila nikuulize kitu kimoja. Wakiwa kwangu, nikizima taa najua wamefika. Wakilala huko kilimani, mimi nitajuaje kama wamefika?

— Watapiga simu, alisema Ndovu.

— Kule hakuna mtandao, Randa akamjibu kwa sauti ndogo.

 

Randa akatoa simu, akampigia Mama Evelyn, akaweka spika.

— Mama, shikamoo. Nataka kukihamisha kibanda.

— Marahaba. Kukihamisha? Si tulikubaliana kilimani?

— Nataka kije kwenye shamba la mihogo la Bi Chausiku, nyuma ya nyumba yake. Bahari haitaonekana.

— Mbaruku, watu wanakuja kwa ajili ya bahari. Kwa nini sasa?

 Randa akampa simu Bi Chausiku.

— Hujambo, mwanangu.

— Bi Chausiku! Shikamoo mama! Mguu wangu umepona kabisa!

— Marahaba. Siku ile uliondoka kwangu unachechemea, mvua ikashuka nyuma yako. Ulifika?

 Tulisikia honi za magari ya Dar.

— Nilifika, mama. Nilifika jioni ileile. Jamani... sikukwambia.

— Alhamdulillahi.

Akamrudishia Randa simu, akakaa kwenye benchi, akavuta upande wa kanga akajifuta uso. Niliinamisha birika nimmiminie, likatoa matone mawili tu.

— Mbaruku, sauti ya Mama Evelyn ikarudi, imeshuka. Bado upo? Hapo shambani, mlango utaelekea wapi?

Randa alimtazama Bi Chausiku.

— Jikoni kwake, mama.