Saa ya Kitanda Namba Sita

Benchi lile zamani lilikuwa mlango. Duka la vitambaa lilipovunjwa, mtu mmoja aliuokota ubao wa mlango, akaulaza juu ya matofali pale kwenye kona, pembeni ya meza ya Fundi Saa, na tangu hapo watu wakaukalia. Kitasa bado kipo, upande wa kushoto, na upande huo hakai mtu ila Breki, dereva wa lori aliyestaafu, kwa sababu yeye peke yake anajua namna ya kukikwepa. Katikati hukaa Daktari, ambaye hajawahi kutibu hata kuku. Alifagia wodi za hospitali miaka miwili, akatoka na jina. Mwisho kabisa yupo Mahakama, anayewaandikia watu barua kwa taipureta aliyoipakata magotini. Kahawa ni ya Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote pale lakini huwagombeza wote kana kwamba amewalea. Asubuhi hiyo birika lilikuwa limejaa pomoni na hakuna aliyefungua ubao wa drafti. Walikuwa wanamsubiri mama yake Fundi Saa, anayerudi kutoka nyumba ya matunzo baada ya miezi minne na nusu. Alikuwa ametuma salamu: gari limshushe barabarani, hatua arobaini kutoka benchi, zinazobaki atazimaliza kwa miguu yake.

Fundi Saa alikuwa amefungua saa ya mteja tangu saa mbili, na sasa saa nne hajaigusa. Macho yalikuwa barabarani, na fundi wa saa akitazama barabara ni afadhali afunge meza akanywe kahawa. Jana dada yake alimpigia simu: “Kaka, usijipe moyo sana. Leo ametembea hatua kumi na tano, akaomba kiti.” Kumi na tano kwenye arobaini. Alikuwa ameipiga hesabu hiyo tangu alfajiri na haikukubali kubadilika.

— Akifika hapa kwa miguu, — alianza Breki, — mjue ni kazi yangu.

— Wewe kivipi? — aliuliza Daktari.

— Honi. Nani alikuwa anapiga honi ya lori pale getini kila Jumatano? Wahudumu wakiisikia tu, kila mtu na shuka lake mkononi.

— Walikuwa wanakimbia kelele, — alisema Shangazi. — Hata mimi ningekimbia. Na lori lenyewe si lako, la watu.

— Honi haina mwenyewe, Shangazi.

Mahakama alikohoa, kama anavyokohoa kabla ya kusoma barua ya mteja.

— Tusidanganyane. Ni ile barua niliyomwandikia mwenye nyumba ya matunzo. Kurasa tisa, nakala tatu, na muhuri.

— Muhuri upi? Ule ulioandikwa IMEPOKELEWA?

— Muhuri ni muhuri, Breki. Mtu mwenye makosa hasomi. Anaona wino tu, anatafuta pa kujificha.

— Nyinyi hamjui kitu, — Daktari alidakia. — Yule mama kaponywa na mteremko. Damu ya mtu aliyelala inakuwa nzito kama uji, inagoma kwenda. Mimi nilimwambia muuguzi mkuu, inueni kitanda upande wa miguu, damu iteremke yenyewe.

— Akasemaje?

— Akasema muda wa kutembelea wagonjwa umekwisha, nitoke.

— Basi.

— Basi nini? Kusikia alisikia.

Fundi Saa alicheka bila kupenda. Aliwapenda watu hawa, na ilimchukua muda kuwapenda tena. Miezi minne na nusu iliyopita, midomo hiihii ilimkata maini. Mama yake alipigwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukafa ganzi, na wao wanakaa ghorofa ya tatu, ngazi tupu. Dada yake ni mpishi wa shule, anatoka kabla jua halijachomoza. Mara mbili Fundi Saa alijaribu kumwinua mama peke yake, na mara mbili wote wawili walijikuta sakafuni, mama akimwomba radhi yeye. Ndipo wakampeleka nyumba ya matunzo, penye vifaa vya mazoezi na watu waliosomea. Alipokuja kijiweni kueleza, Breki alimtazama juu mpaka chini akasema, “Siku hizi wazazi wanawekwa stoo?” Hakuna aliyemkemea, hata Shangazi. Fundi Saa aliumia, akarudi kwenye meza yake.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kwa wiki sita za mwanzo Breki alikuwa karibu na ukweli. Siku za kutembelea, Jumapili, mama alikuwa safi, kavaa, kachanwa nywele. Fundi Saa akaridhika. Kisha siku moja ya kazi alipita pale kupeleka dawa ya macho, saa nne asubuhi, akamkuta mama amelala chali, jasho limemlowanisha, na alipomgeuza akaona kidonda mgongoni, mapana yake sawa na kisahani cha kahawa. Ukutani, juu ya kitanda namba sita, ilining’inia karatasi: mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, mhudumu atie sahihi. Saa mbili, sahihi. Saa nne, sahihi. Saa sita, saa nane, saa kumi jioni, zote sahihi.

Hapo alifanya jambo ambalo ni fundi wa saa tu angelifanya. Hakuishuku karatasi. Aliivua saa yake ya mkononi, akaitia sikioni, asikie kama imekufa.

— Bado sielewi ile siku ya karatasi, — alisema Breki, ambaye hakuchoka kumtania. — Karatasi inasema saa kumi, saa yako inasema saa nne, nje jua liko pale. Wewe unasikiliza saa.

— Niliamini maandishi, — alisema Fundi Saa. — Nilidhani kosa ni langu.

— Wote tungedhani hivyo, — Shangazi alisema, akammiminia kahawa ambayo hakuiomba.

Siku ile hakugombana na mtu. Alimwonyesha mhudumu karatasi kwa kidole tu. Yule mhudumu akaanza kulia. Akasema wako wawili kwa wagonjwa ishirini na sita, kwamba sahihi wanazitia zote asubuhi kwa sababu baadaye hawapati nafasi hata ya kunywa maji, na kwamba yeye mwenyewe mgongo umemkatika. Fundi Saa alikuwa amejaa hasira ya kubomoa ukuta, na hasira ikakosa pa kutua. Akarudi kijiweni, akakaa kwenye benchi kati ya Daktari na Mahakama, akasimulia yote mbele ya watu walewale waliomcheka. Breki ndiye aliyeuliza kwanza: “Kugeuza mtu kunahitaji watu wangapi?”

Kesho yake Fundi Saa alipeleka saa ya mezani, kubwa, ya kengele mbili, aliyoichezea ndani mpaka ikawa inalia kila baada ya saa mbili. Aliiweka kitanda namba sita. Nayo ikilia, inalia kweli. Ni kengele ya kumtoa mtu nyumba ya tatu. Mahakama alichapa orodha ya zamu. Jumatatu Daktari, Jumanne Mahakama, Jumatano Breki na honi yake, na kadhalika, kila mmoja kwa saa asiyoijua mtu. Muuguzi mkuu aliwafundisha kumgeuza mgonjwa bila kumvuta ngozi, na walipokwisha kujua, hawakuishia kitanda namba sita. Namba tano, ya dirishani, alikuwepo bibi mmoja aliyekuwa mshona magauni, hana mtoto wala ndugu. Kengele ikilia wanamgeuza na yeye, kwa sababu Breki alisema ni uchoyo kumruka.

Ndugu wa wagonjwa wengine wakaona. Wakaleta saa za zamani zilizokufa, Fundi Saa akazifufua, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika kumi na tisa. Ikifika saa sita mchana nyumba nzima inalia. Mwenye nyumba ya matunzo alivumilia wiki moja. Ya pili, ndugu walimwendea ofisini wote pamoja, wamebeba ile karatasi ya sahihi, na wahudumu wawili wakasimama upande wao. Wakaajiriwa wahudumu sita zaidi. Mtaalamu wa mazoezi, aliyekuwa anakuja mara moja kwa wiki, akaanza kuja kila siku. Kidonda cha mama kikafunga.

Habari ndiyo hiyo, na kijiwe chote kinaijua. Lakini kijiwe hakikai asubuhi nzima na habari iliyonyooka.

— Mimi nitawaambia siri, — Daktari alishusha sauti. — Ile saa wahudumu walikuwa wanaamini ina kamera ndani.

— Nani kawaambia?

— Mimi.

— Kamera ndogo sana hiyo, — alisema Mahakama. — Mimi nilisikia kwamba kengele yake inafika mpaka wizarani. Ikilia bila mtu kugeuzwa, taa nyekundu inawaka mezani kwa mkubwa.

— Taa? — Breki alisema. — Ndugu yangu, yule mpishi wao aliniuliza kwa siri kama saa inasikia mtu akinuna. Nikamwambia inasikia hata ukipunguza nyama kwenye sahani. Siku ya pili mama kaniambia supu imekuwa na nyama.

— Sasa hilo, — alisema Shangazi, — ndilo la kwanza la maana umelifanya tangu nikufahamu.

Gari likasimama barabarani.

Dada yake Fundi Saa alishuka kwanza, akafungua mlango wa nyuma, akatoa fremu ya kutembelea, ya chuma, yenye miguu minne. Kisha ikatoka kandambili ya bluu, ikatafuta ardhi, ikaipata. Mama akasimama. Fundi Saa alitaka kukimbia, Shangazi akamshika shati.

— Muache. Si amesema mwenyewe?

Fremu mbele, mguu wa kushoto, mguu wa kulia ukikokotwa nyuma. Fundi Saa alikuwa anahesabu, na hakujua kwamba anahesabu kwa sauti mpaka aliposikia Mahakama naye anahesabu. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Mama akasimama. Akavuta pumzi. Binti yake, aliyekuwa anamfuata na kiti cha magurudumu, akakisogeza, mama akakitikisia kichwa, kikarudi nyuma. Kumi na sita. Hapo Breki akavua kofia. Ishirini na tano alisimama tena, akafuta uso kwa ncha ya kanga, na mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo akaiweka chini kutazama. Thelathini. Thelathini na nane. Arobaini zikapita na bado zikabaki mbili, kwa sababu hatua zake sasa ni fupi kuliko alizozikadiria, akazimaliza na hizo. Fundi Saa alikuwa analia waziwazi na hakuona haya hata kidogo.

— Shikamoo mama, — walisema kwa pamoja, watu wazima wanne, kama wanafunzi.

— Marahaba wanangu.

Breki akainuka, akampisha, akamwonyesha kitasa kilipo asiumie. Mama akakaa. Shangazi akampa kikombe, mama akakishika kwa mkono wa kulia, ule uliokuwa umekufa, kikatikisika kidogo, akanywa. Mahakama akasema hilo liandikwe, akaingiza karatasi kwenye taipureta palepale. Daktari akaanza kueleza habari za uji na damu, na mama akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

— Na saa yako iko wapi, mama? — Breki aliuliza. — Tuitundike hapa iwe kumbukumbu.

— Nimemwachia jirani yangu wa dirishani. Yeye bado hajainuka. — Akakiweka kikombe chini. — Wahudumu wameongezeka, ndiyo, lakini yeye amezoea kusikia sauti zenu. Nimemwambia mtakuja kama kawaida. Leo zamu ya nani?

Mahakama alitoa orodha mfukoni, akaitazama, akaikunja. Ilikuwa imeishia jana. Juu yake ameandika, kwa herufi kubwa, KAZI IMEKWISHA, na kupiga muhuri. Daktari aliangalia viatu vyake. Fundi Saa aliitazama saa ya mteja, bado iko wazi mezani, kisha ile ya mkononi. Saa tano na dakika thelathini na tano. Saa sita kengele italia kitanda namba tano.

— Lori liko kwa nani? — aliuliza.

— Liko hapo nyuma, — alisema Breki, kofia imekwisha rudi kichwani.

— Nenda nao, mwanangu, — mama alisema. — Mimi niko na dada yako, na Shangazi.

Waliondoka wote wanne, Mahakama na taipureta yake kwapani, wakibishana nani atashika mabega na nani miguu. Shangazi akatikisa birika, bado zito. Tangu aanze kuuza kahawa pale kwenye kona, siku zote kahawa ndiyo huisha, watu wakabaki. Akamjazia mama kikombe cha pili, na kwa mbali wakasikia honi.